Doti ya kanga, pingili ya muhogo na LD: kwa mnaoanza kazi ya jenetiki

Wiki ya kwanza kwenye maabara, mgeni hupewa kompyuta, nywila na faili kubwa la jenotaipu, yaani herufi za DNA zilizopimwa kwa kila mtu au mmea. Kabla ya chai ya saa nne ameshasikia neno LD mara kumi. Kirefu chake ni linkeji disikwilibriamu, na sijamsikia mtu akilitamka lote isipokuwa siku ya kutetea tasnifu. Mara ya kwanza nilipolisikia niliitikia kwa kichwa kama mtu anayejua, nikarudi mezani kutafuta maana, nikakuta imeandikwa: uhusiano usio wa nasibu baina ya aleli (matoleo ya eneo moja la DNA) za maeneo tofauti. Nililielewa kila neno, ila sentensi yenyewe ikanipita. Miezi mitano baadaye nilichora grafu ya uongo na kuionyesha mbele ya watu ishirini. Wadogo zangu, haya ni mambo ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia kabla ya siku ile.

Tuanze na kanga. Kanga huuzwa doti: vipande viwili vyenye pindo moja, mji mmoja na jina moja, bado vimeungana. Siku ya harusi ukimwona mama amejifunga kanga yenye jina fulani, huna haja ya kusoma aliyojitanda. Jina ni hilohilo. Kipande kimoja kinakuambia habari za cha pili. Sasa rudi kwenye nyumba ile baada ya miaka ishirini. Doti zimeshakatwa, kipande kimoja kimekuwa mbeleko, kingine kimeazimwa na shoga akarudisha kisicho chenyewe, na bibi anajifunga hiki akajitanda kile. Hata kama hakuna kanga iliyotoka nje ya nyumba, ukiona ya chini huwezi tena kukisia ya juu. Kilichopotea ni kule kufuatana.

LD ni kule kufuatana. Mabadiliko mapya ya DNA yanapotokea, hutokea kwenye kromosomu moja yenye majirani wake maalumu: hiyo ndiyo doti mpya kutoka dukani. Kila kizazi, mwili unapotengeneza mbegu za uzazi, kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande, na mkasi unaweza kupita katikati ya majirani hao. Walio mbalimbali hukatwa upesi. Walio karibu sana huweza kukaa pamoja maelfu ya miaka bila mkasi kuwagusa.

Kasi ya kukatika ina hesabu yake, na ni hesabu nyepesi. Ukiita c uwezekano wa maeneo mawili kutenganishwa katika kizazi kimoja, basi kila kizazi kinabakiza (1 − c) ya LD iliyokuwapo. Maeneo yaliyo kwenye kromosomu tofauti yana c ya 0.5, kwa hiyo nusu inaondoka kila kizazi, na baada ya vizazi 10 imebaki chini ya sehemu 1 kati ya 1,000. Maeneo yenye c ya 0.01, ambayo kwa binadamu ni umbali wa kama megabesi 1 (herufi milioni moja za DNA), yanahitaji vizazi 69 ili LD ifike nusu. Kizazi kikiwa miaka 25, hiyo ni miaka 1,700 na ushei. Shusha c hadi 0.001 na vizazi vinakuwa 693, zaidi ya miaka 17,000. Maana yake, ukiwa unatazama alama mbili (sehemu za DNA tunazozipima) zilizokaribiana hivyo, data iliyo mbele yako bado inakumbuka mambo yaliyotokea kabla binadamu hajashika jembe.

Hapo wengi huteleza, na mimi niliteleza. Hesabu hii inahesabu meyosisi, yaani kule kutengenezwa kwa mbegu za uzazi. Miaka haijui. Aliyenifundisha hilo ni muhogo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa data ya mihogo, kwa hiyo ikabidi nijifunze habari za Amani. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walikuwa wakitafuta muhogo usioangushwa na batobato wala michirizi ya kahawia. Waliuchavusha muhogo wa shambani na jamaa yake wa porini, Manihot glaziovii, ule mti wa mpira ambao Wajerumani walikuwa wameupanda nchini enzi zao. Watoto waliopatikana walirudishwa kwa muhogo wa kawaida, kisha wakarudishwa tena, ili mizizi iwe ya kulika na ukinzani usipotee. Vizazi vya kazi ile vilisambaa hadi Afrika Magharibi vikaingia kwenye mbegu bora za huko. Uchambuzi wa jenomu, yaani DNA yote ya mmea, uliochapishwa mwaka 2016 uliviona vipande hivyo vya mti wa mpira vikiwa bado vimekaa ndani ya mihogo ya leo, na vile virefu zaidi viko kwenye kromosomu 1 na 4.

Sasa fikiria mkulima anapanda nini. Hapandi mbegu ya muhogo, anapanda pingili, na pingili haipiti meyosisi. Aina iliyoteremka Amani na kupandwa kwa pingili mpaka leo ina doti zilezile za siku ilipoteremka, hata ingepita miaka 80. Na hata watafiti wanapochavusha mihogo hii wao kwa wao, vile vipande vya mti wa mpira havibadilishani kwa urahisi na vipande vya muhogo wenyewe. Ndiyo maana nilipochora LD ya kromosomu 1 kwa mara ya kwanza, mstari haukushuka. Megabesi moja, mbili, tano, uko palepale. Nilidhani programu imeharibika. Nikaifuta, nikaipakia upya, nikapata mstari uleule. Mama mmoja mtafiti aliyekaa meza ya jirani, mtu wa kutumia maneno machache, akaniuliza tu: "Mwanangu, umesoma habari za Amani?"

Kwenye kazi ya mbegu jambo hili lina gharama. Ukipata ishara ya sifa fulani, tuseme wingi wa unga kwenye mzizi, ndani ya kipande kama kile, chini ya ishara hiyo kuna jeni nyingi zinazotembea kama msafara. Kuongeza mimea mingine 1,000 yenye doti ileile hakukusaidii kujua ni jeni ipi inayofanya kazi. Inabidi upate mimea ambayo mkasi umepita ndani ya kipande chenyewe, na hiyo inatafutwa shambani kwa uchavushaji mpya. Kompyuta haiizalishi. Kabla ya hapo hakikisha pia hujahesabu mmea mmoja mara mbili. Namikonga ya Tanzania na Kaleso ya Kenya zina majina mawili, lakini vinasaba vimeonyesha ni kitu kimoja. Kwenye mihogo, majina ya vijijini ni mengi kuliko jenotaipu, na nakala zilizojificha huifanya LD ionekane kubwa kuliko ilivyo. Kwenye data ya watu, mtego huohuo huja kwa sura ya ndugu: mtu na dada yake, au mtoto na mama yake, wamo kwenye orodha moja na hakuna aliyekuambia.

Sasa vipimo. Kuna vitatu utakavyokutana navyo, na ugomvi mwingi wa vikaoni unatokana na watu wawili kutumia viwili tofauti.

Chukua kromosomu 100. Arobaini zina aleli A kwenye eneo la kwanza, na 30 zina aleli B kwenye eneo la pili. Kama aleli hizi hazijuani, kromosomu zenye zote mbili zingekuwa 12. Ukihesabu ukakuta 25, basi D, yaani ulichokikuta kutoa ulichokitarajia, ni 0.25 kutoa 0.12, yaani 0.13. Hiyo namba peke yake haisemi mengi, kwa sababu ukubwa inaoweza kufikia unategemea aleli zako ni za kawaida au ni adimu. Hapa isingeweza kuzidi 0.18. Richard Lewontin mwaka 1964 alipendekeza kugawanya D kwa kikomo chake. Unapata D′, na kwa mfano wetu ni 0.72. Mwaka 1968 William Hill na Alan Robertson walileta r²: D mara D, gawanya kwa zao la viwango vinne, 0.4 × 0.6 × 0.3 × 0.7. Jibu ni 0.34. Data ni moja, kimoja kinasema 0.72 na kingine 0.34, na hakuna kilichokosea.

D′ inauliza: je, mkasi umewahi kupita hapa? r² inauliza: nikijua aleli ya hapa, naweza kukisia ya pale kwa usahihi gani? Hayo ni maswali mawili, na mfano ambao haunitoki kichwani ni wa APOL1.

Mwaka 2008 watafiti waliona kwamba alama zilizo kwenye jeni ya MYH9, kromosomu 22, zinaambatana na ugonjwa sugu wa figo kwa Wamarekani Weusi. Ishara ilikuwa na nguvu, na MYH9 ikaandikwa sana. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba mhusika mkuu ni jirani yake, APOL1. MYH9 ilikuwa imekamatwa kwa kukutwa karibu na mwizi. APOL1 ina mabadiliko mawili yenye madhara, yakaitwa G1 na G2, na inaaminika yameenea Afrika kwa sababu protini zake zinaweza kumuua kimelea wa malale wa upande wetu huu wa mashariki, Trypanosoma brucei rhodesiense, ambaye protini ya kawaida haimtishi. Anayepata nakala mbili za mabadiliko haya huongezewa hatari kwenye figo.

Hapo sasa ndipo penye somo. G1 na G2 ziko hatua chache tu kwenye DNA, na zilizuka kwenye nakala tofauti za kromosomu hiyohiyo, kwa hiyo huzikuti pamoja kwenye nakala moja. Ukiacha alama ya kutoa, D′ kati yake ni 1, juu kabisa. Lakini tuseme G1 iko kwenye nakala 22 kati ya kila 100 za kromosomu hiyo na G2 kwenye 13, viwango vinavyokaribia vya Wamarekani Weusi: piga hesabu, r² inakuja 0.04. Kwa hiyo mtu anayesema "D′ ni 1, nitapima G1 tu, G2 nitaikisia" ameshaharibu kazi. Kujua kwamba kromosomu haina G1 hakukuambii kama ina G2. Unapochagua alama ya kuwakilisha nyingine, tazama r². Unapouliza historia ya mkasi, tazama D′, tena kwa tahadhari, maana sampuli ikiwa ndogo na aleli ikiwa adimu, D′ huruka hadi 1 bila sababu yoyote ya maana.

Sasa nije kwenye ile grafu yangu ya uongo niliyoitaja mwanzoni.

Kulikuwa na kikao cha wiki. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuonyesha LD inavyoshuka kadiri umbali unavyoongezeka, nikatumia programu iitwayo PLINK, nikapata mstari mzuri unaoanza juu, unateremka taratibu, halafu unakaa. Ulikaa juu kidogo ya 0.2 na hakuna kilichoushusha. Nikasimama nikaeleza kwa kujiamini kwamba jamii hii ina LD ndefu, pengine ilipitia njaa kubwa au ukoo mdogo wa waanzilishi. Nilikuwa na hadithi nzima tayari. Daktari aliyekuwa akiendesha kikao akaniuliza: "Thamani yako ndogo kuliko zote ni ngapi?" Nikafungua faili. Ilikuwa 0.2 na chembe. Hakukuwa na namba hata moja chini ya hapo, katika mistari zaidi ya milioni.

PLINK 1.9, ukiiandikia --r2 bila kuongeza lolote, haikuandikii jozi zote. Jozi zenye r² chini ya 0.2 inazitupa. Inatazama majirani wachache tu wa kila alama, na haivuki kilobesi 1,000, yaani megabesi 1. Waliotengeneza walifanya hivyo kwa busara, faili lisiwe kubwa hadi kujaza diski. Lakini ukichukua wastani wa zilizobaki, umechukua wastani wa wanafunzi waliofaulu ukauita wastani wa darasa. Andika --ld-window-r2 0, panua --ld-window hadi namba kubwa kama 99999, na uchague --ld-window-kb kulingana na swali lako. Ile hadithi yangu ya njaa na waanzilishi ilikufa mchana ule. Tangu hapo, faili lolote la LD nikiletewa, kabla ya kuchora natazama kwanza namba ndogo kuliko zote.

Na chini ya mstari kuna sakafu nyingine ambayo haitokani na programu. Hata alama zisizojuana kabisa hutoa r² kubwa kuliko sifuri, kwa sababu tu sampuli ina mwisho. Kwa watu n ambao haplotaipu zao (mfuatano wa aleli kwenye kila kromosomu ya jozi) hazijatenganishwa, tarajia kama 1/n. Una watu 25? Basi 0.04 inakuja yenyewe. Msilinganishe jamii moja yenye watu 25 na nyingine yenye watu 200 mkasema ya kwanza ina LD zaidi. Punguza kubwa iwe sawa na ndogo, rudia mara kadhaa, ndipo mlinganishe.

Kosa lingine ni la kuchanganya nyumba mbili. Tuseme kijiji kimoja kina aleli A kwa kiwango cha 0.9 na aleli B kwa 0.9, kila moja kivyake, LD hakuna. Kijiji cha pili kina 0.1 na 0.1, na LD hakuna pia. Mwaga data zote kwenye faili moja, nusu kwa nusu: D inakuwa 0.16 na r² inakuwa 0.41. LD imezaliwa mezani kwako. Na haijali umbali, inaweza kutokea kati ya kromosomu 2 na kromosomu 19. Kwa hiyo ukiona alama za kromosomu tofauti zinafuatana, usiandike makala. Tafuta kwanza umechanganya nani na nani, halafu tafuta ndugu, halafu tafuta sampuli zilizorudiwa. Mara zote nilizokutana na ajabu hiyo, jibu lilikuwa mojawapo ya hayo matatu. Watu wetu wametembea, wameoana, wamehamiana. Faili lililoandikwa "Pwani" linaweza kuwa na nyumba nne ndani yake.

Faida ya LD mtaisikia mapema: inaokoa fedha. Jenomu ina mamilioni ya sehemu zinazotofautiana, na chipu, kile kifaa cha maabara cha kupimia alama, inapima laki chache tu. Hizo chache zinatosha kwa sababu kila moja inawasemea majirani zake. Mradi wa HapMap, ulioanza mwaka 2002, ulifanywa ili kuchora nani anamsemea nani. Bei ya kusemewa ni hii: alama yako ikiwa na r² ya 0.5 na mhusika wa kweli, unahitaji takriban watu mara mbili ili upate nguvu ileile ambayo ungeipata ukimpima yeye mwenyewe. r² ya 0.1, mara kumi. Watu wengi wanaoomba fedha za utafiti husahau mstari huo kwenye bajeti.

Na hapa Afrika, bei iko juu. Utafiti wa mwaka 2002 ulikuta nusu ya jenomu imekaa kwenye mafungu ya kilobesi 22 au zaidi kwa Wayoruba na Wamarekani Weusi; kwa Wazungu na Waasia ni kilobesi 44. Sababu ni kanga zilezile. Jamii za Afrika ni kongwe na zilibaki kubwa, mkasi umepita mara nyingi. Waliotoka nje walitoka wachache, wakabeba doti chache. Chipu iliyopangwa kwa kufuata doti za Ulaya ikiletwa huku inakuwa na mashahidi wasiomjua mtuhumiwa.

Ushahidi mzuri ni wa Gambia, mwaka 2009. Watafiti walipima watoto 2,500 kwa chipu ya alama 500,000 wakitafuta jeni zinazohusika na malaria kali. Kinga ya malaria inayotokana na kubeba nakala moja ya selimundu inajulikana tangu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipochapisha kazi yake ya Afrika Mashariki mwaka 1954. Ni mojawapo ya athari kubwa kuliko zote tunazozijua kwa binadamu. Chipu iliitoa kwa P (uwezekano wa kupata ishara kama hiyo kwa bahati tu) ya 4 × 10⁻⁷ tu, haikufika hata kwenye kiwango cha 5 × 10⁻⁸ tunachodai. Kama mambo yasingekuwa yanajulikana tayari, mtu angeipita. Kisha wakasoma DNA ya eneo lile kwa Wagambia 62, wakatumia haplotaipu zao kujaziliza yale ambayo chipu haikupima kwa wale 2,500. P ikawa 4 × 10⁻¹⁴, na kilele kikakaa juu ya badiliko la selimundu lenyewe. Watu 62 tu, ila ni wa palepale. Ukikumbuka hesabu hiyo siku unapochagua jamii ya kurejelea, umejiokolea miezi.

Pwani ya Kenya nayo ina kisa chake. Mwaka 2015 kulionekana ishara ya kinga dhidi ya malaria kali kwenye kromosomu 4, jirani na kundi la jeni za glikoforini, na haikueleweka inatoka wapi hasa. Alama zenyewe hazikuwa zikifanya lolote la maana. Mwaka 2017 ikabainika kwamba zilikuwa zikifuatana na mpangilio mpya wa jeni hizo, kipande kikubwa kilichorudufiwa na kuunganishwa upya, ambacho ndicho huzaa damu ya kundi linaloitwa Dantu. Kinapunguza hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 40. Chipu haiwezi kukiona kipande cha namna hiyo moja kwa moja. Ilimwona aliyefuatana naye.

LD pia ni saa, ingawa ni saa ya kusomwa kwa uangalifu. Kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya, badiliko linalowawezesha watu wazima kunywa maziwa bila tumbo kuvuruga, C-14010, limekaa kwenye kipande kisichokatwa cha zaidi ya megabesi 2. Kwa jamii za Afrika hicho ni kirefu mno, dalili kwamba badiliko hilo lilipanda haraka katika miaka kama 7,000 iliyopita, kabla mkasi haujapata nafasi. Saa hiyohiyo imewahi kuwapotosha watu. Selimundu ilijulikana kwa haplotaipu tano, zikapewa majina kama Benin, Bantu na Waarabu-Wahindi, na kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba badiliko lilizuka mara tano. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walichambua jenomu nzima wakaona mzizi mmoja, wa kama miaka 7,300 iliyopita. Zile tano ni matawi. Majina ya haplotaipu bado yana kazi, lakini. Ukizikuta Bantu, Benin na Waarabu-Wahindi zote pamoja kwa wagonjwa wa Oman, unasoma habari za majahazi bila kufungua kitabu cha historia.

Kazi ndogondogo nazisema haraka. Kabla ya kuchora muundo wa jamii, punguza alama zinazofuatana: --indep-pairwise 50 5 0.2 ni mwanzo unaokubalika. Ondoa eneo la HLA (jeni za kinga ya mwili) kwenye kromosomu 6 na yale mageuko makubwa, vipande vilivyogeuzwa kichwa chini, ya kromosomu 8 na 17, la sivyo mhimili wa pili au wa tatu wa mchoro wako utakuwa unaonyesha kipande kimoja cha kromosomu na wewe utaueleza kama kabila. Kupunguza huku msikuchanganye na kule kukusanya alama baada ya matokeo kutoka, ambako mnabakiza yenye P ndogo na kuwaweka jirani zake chini yake. Cha kwanza hakijui ugonjwa wako, cha pili kinaujua.

Kwa kurejelea, sasa tuna nafuu kuliko nilipoanza. Waluhya wa Webuye wamo kwenye mradi wa jenomu 1,000, na Uganda ina data ya watu wapatao 6,400, karibu 2,000 kati yao wakiwa wamesomwa jenomu nzima. Waluhya lakini si Wamakonde, na hakuna jamii moja inayoweza kuwa wakili wa Afrika Mashariki yote. Jaribu kwanza: ficha asilimia chache ya jenotaipu ulizopima mwenyewe, zijazilize, halafu linganisha. Ukiona zinakosewa kwenye aleli adimu, hapo unajua mpaka wako.

Kazi ya wiki hii ni moja. Pakueni kromosomu 22 ya Waluhya wa Webuye na ya wale Wamarekani wa Utah wenye asili ya Ulaya. Chukueni idadi sawa ya watu, choreni r² dhidi ya umbali hadi kilobesi 200, mistari miwili kwenye grafu moja, na muweke sakafu ya 1/n kama mstari wa nukta. Kisha nendeni kwenye APOL1 mkahesabu D′ na r² ya G1 na G2 kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuiuliza programu. Ijumaa baada ya chai leteni grafu. Nitauliza kwanza thamani yenu ndogo kuliko zote ni ngapi.